Yule jamaa wa koti jekundu kwenye printi za zamani za Sydney

Siku hizi ugonjwa wangu ni printi za zamani za Australia. Sizungumzii picha za kamera, nazungumzia zile zilizochongwa kwenye bamba la shaba au kuchorwa juu ya jiwe halafu zikachapwa kwenye karatasi nzito, kuanzia miaka ya 1790 mpaka kama 1880 hivi, kabla kamera haijaharibu biashara ya watu. Unaona mitaa ya Sydney na Melbourne, magari ya farasi, askari, wanawake wa Kizungu na miavuli yao, baa, matope, mbwa kila mahali, halafu mara nyingi sana pembeni kabisa, kule kona ya chini, kuna Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wamekaa. Ukishaiona hiyo kona basi umekwisha, kila printi nyingine utaanza kuiangalia kuanzia konani.

Naishi huku Sydney, kazi yangu haihusiani na sanaa hata kidogo, ila nyingi ya hizi picha ziko bure mtandaoni kwenye Trove, ile ya Maktaba ya Taifa ya Australia, kwa hiyo usiku badala ya kulala mtu unakuza picha kwa vidole mpaka unaona vifungo vya koti.

Tuanze na ile iliyonishika. Ni lithografu, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe, ya mchoraji Augustus Earle iliyotoka London mwaka 1830, na maandishi ya chini yanasema hawa ni wenyeji wa New South Wales, koloni lenye mji wa Sydney, kama wanavyoonekana kwenye mitaa ya Sydney. Kundi la watu karibu na baa. Nguo za Kizungu zimechakaa, pombe ipo, mbwa yupo, na nyuma yao mji unaendelea na shughuli zake kama hakuna mtu pale. Ukipita haraka unasema ah, walevi hao. Na ndivyo mnunuzi wa London alivyotegemewa aseme, amekaa kwenye kiti chake, anafunua ukurasa, anasikitika kidogo, anafunua mwingine. Sasa kaa nayo kidogo. Pombe nani kaileta? Baa ya nani? Na hapo ilipojengwa palikuwa pa nani miaka 42 tu nyuma, maana meli za kwanza za wafungwa zilitia nanga pale 1788? Earle hayo maswali hakuyaandika, lakini baa hakuificha, kaichora, kwa hiyo mimi namsamehe nusu.

Kabla sijaenda mbali nieleze kidogo vitu hivi vinatengenezwaje, maana bila hapo huwezi kuelewa kwa nini vilikuwa vingi hivyo. Kwenye shaba fundi anachimba mistari kwa ncha ya chuma, anapaka wino bamba zima, anaufuta, wino unabaki kwenye mistari tu, halafu karatasi yenye unyevu inakandamizwa juu yake kwa mashine nzito mpaka kingo za bamba zinaacha alama kuzunguka picha. Kazi ya siku nyingi na inataka fundi aliyesomea. Lithografu ilikuja kurahisisha, aliigundua Mjerumani Alois Senefelder mwaka 1796, unachora kwa chaki ya grisi kwenye jiwe laini la chokaa, unalowesha maji, wino unashika kwenye grisi tu na maji yanaukataa kwingine. Basi. Mchoraji anaweza kuchora kwa mkono wake mwenyewe bila kumpelekea mchongaji, na ndio maana kwenye lithografu mistari ina uhai, unaona mpaka alipobonyeza chaki. Earle alikuwa kati ya watu wa mwanzo kabisa kuchapa namna hiyo Sydney, mwaka 1826, alikuwa amefungua duka lake hapo mjini anauza na vifaa vya kuchorea. Rangi zilipakwa kwa mkono, nakala moja moja, kwa hiyo usishangae printi mbili za jiwe lile lile moja ina anga ya bluu na nyingine ya kijivu.

Sasa Bungaree.

Huyu ndiye jamaa wa koti jekundu. Picha ya rangi ya mafuta aliyomchora Earle mnamo 1826 iko Maktaba ya Taifa Canberra, kasimama, koti la kijeshi lenye mapambo ya dhahabu, kifuani bamba la shaba linaning'inia kwa mnyororo, mkono umeinua kofia anasalimia, na nyuma yake bandari ya Sydney na ngome ya Fort Macquarie. Hiyo ngome haipo tena, pale ndipo lilipo jumba la Opera House mnaloliona kwenye kadi zote za posta. Uso wake ndio unanimaliza. Anatabasamu kidogo lakini sio tabasamu la kujipendekeza, ni lile la mwenye nyumba aliyekuona umepotea njia.

Na kweli alikuwa mwenye nyumba. Alikuwa mtu wa Broken Bay, kaskazini ya Sydney, na kabla hajawa kituko cha mtaani alikuwa baharia wa maana. 1799 alisafiri na nahodha Mwingereza Matthew Flinders kwenye meli ya Norfolk, halafu 1802 mpaka 1803 akapanda naye Investigator wakaizunguka Australia nzima, wa kwanza anayejulikana kati ya waliozaliwa ardhi ile kufanya hivyo. Kazi yake ilikuwa nini? Wakifika pwani wasiyoijua, wenyeji wametoka na mikuki, Bungaree anavua nguo, anashuka bila silaha, anawaendea peke yake mchangani. Lugha zao hazijui, maana pale kuna mamia ya lugha na ya kwake ni moja tu, lakini anaenda hivyo hivyo. Wengine wanasubiri kwenye mtumbwi na bunduki zao. Flinders mwenyewe kamsifu kwa maandishi kwa tabia njema na uungwana wake. Mwaka 1817 akasafiri tena na nahodha mwingine, Phillip Parker King, kupima pwani. Yaani ramani ya bara hilo ina jasho lake, na mimi shuleni Flinders nilisikia, huyu sikusikia.

Lile bamba la kifuani alipewa na Gavana Macquarie mwaka 1815, limeandikwa kwamba yeye ni chifu wa kabila la Broken Bay, pamoja na kipande cha ardhi pale Georges Head, kando ya bandari ya Sydney, alime kama Wazungu. Chifu wa namna hiyo kwao hakuwepo, ni cheo kilichotungwa ofisini kwa gavana, na sisi wa Afrika Mashariki, pwani na bara, tuliosoma habari za maakida na maliwali wa Wajerumani tunaijua hiyo janja bila kufundishwa. Ila mabamba haya yakawa mengi, kila serikali na kila mwenye ranchi akaanza kugawa, na kwenye printi za miaka iliyofuata utayaona sana, hilali la shaba kifuani kwa mtu ambaye mwili uliobaki hauna hata shati.

Bungaree yeye akaligeuza. Meli ikiingia bandarini anaifuata kwa mtumbwi na watu wake, anapanda, anavua kofia, anainama, anawakaribisha wageni kwenye nchi yake. Nchi yake! Halafu anaomba hela, nguo, pombe, mkate. Wazungu wengi waliandika kwamba ni ombaomba mcheshi. Mimi nikisoma naona mtu anayedai kodi kwa lugha pekee waliyokubali kuisikia. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na huyu mwenyeji alikuwa kila siku yuko ngazini anangoja kupona.

Na hapa ndipo penyewe hasa. Walioshuhudia wamesema Bungaree alikuwa bingwa wa kuiga. Magavana waliopita Sydney mmoja baada ya mwingine, aliweza kutembea kama kila mmoja wao, kusalimia kama yeye, kushika mkono nyuma kama yeye, mpaka watu wanacheka hadharani. Sasa rudi kwenye ile picha ya koti jekundu na kofia juu. Miaka karibu 200 watu wameiangalia wakasema maskini, mtu mweusi anajaribu kuwa Mzungu. Na kama ni kinyume? Kama pale mbele ya Earle alikuwa amesimama mwigizaji, anamwigiza gavana, na Earle anamchora mtu ambaye naye anamchora mwingine kwa mwili wake? Sina namna ya kuthibitisha alichokuwa anawaza siku ile, lakini mtu mwenye kipaji hicho ukimwambia asimame, avae koti la ofisa na ainue kofia, unategemea atafanya nini.

Cha kusikitisha ni kilichotokea picha ilipogeuzwa lithografu ya kuuza London, kwenye albamu ya 1830. Bungaree yupo, kofia juu vile vile, ila sasa kuna mwanamke kakaa chini pembeni yake na kiko, na chupa zimeongezwa. Bahari na ngome sio habari tena, habari ni chupa. Mtu yule yule, mchoraji yule yule, kilichobadilika ni mnunuzi. Mwaka ule ule, Novemba 1830, Bungaree akafariki kwenye kisiwa cha Garden Island, akazikwa Rose Bay. Printi yake inaendelea kuuzwa.

Hakuwa amechorwa na Earle tu. Warusi wa msafara wa baharini wa nahodha Bellingshausen walipopita 1820 mchoraji wao Pavel Mikhailov alimchora pia. Charles Rodius naye alimchora, na Rodius ndiye nimpendaye kuliko wote, uso mtupu kwa karibu, hakuna baa hakuna chupa, ndevu, mikunjo ya paji, macho yenye uchovu. Lithografu za Rodius za mwaka 1834 zina watu wengine wengi wa Sydney na maeneo ya jirani, na kila mmoja kamwandikia jina. Jina! Ukishazoea printi zenye "mwenyeji mmoja" na "mwanamke wa kule", kukutana na jina chini ya uso ni kama mtu kakuita njiani.

Halafu kuna zile za W. H. Fernyhough, picha kumi na mbili zilizochapwa Sydney 1836, zote ni uso wa upande, kama kivuli cheusi tii. Zilipendwa mno, bei nafuu, nyepesi, unaweka kwenye bahasha unapeleka kwa ndugu Uingereza. Na Bungaree yumo, miaka sita baada ya kufa. Mimi hizi zinanipa ubaridi. Kivuli cheusi kinakupa pua, mdomo, nywele, na kinakunyima macho, na mtu asiye na macho huwezi kumuona anakuangalia. Kuna majina kwenye hizo pia, sawa, lakini ukizipanga zote kumi na mbili mezani unaona wazi zinafanana na zile za kulinganisha mafuvu, ndio upuuzi uliokuwa kwenye fasheni wakati ule.

Mke wake, Cora Gooseberry, naye kachorwa mara nyingi, na yeye akawa na bamba lake la shaba la umalkia. Alizeeka mtaani Sydney, blanketi begani, kitambaa kichwani, kiko mdomoni, wapita njia wanamjua. 1845 aliwachukua mchoraji George French Angas na mwenzake mpaka North Head, mdomoni mwa bandari ya Sydney, akawaonyesha michoro ya kale iliyochongwa kwenye miamba na kuwaeleza alichokijua kwa wazee wake. Fikiria hilo, mwanamke ambaye kwenye printi ni kituko cha mjini ndiye maktaba yao. Alifariki 1852.

Nataka kusema neno juu ya wachoraji wenyewe maana tunawaona kama mabwana wakubwa. Rodius alikuwa mfungwa. Kweli kabisa, kaletwa na meli kwa wizi wa kipochi cha mwanamke London. Joseph Lycett, yule wa mandhari nzuri nzuri zenye Waaborijini wanacheza ngoma usiku, alikuwa mfungwa kwa kufoji noti, na alipofika Sydney akafoji tena, aisee. Kwa hiyo waliokuwa wanachora wenyeji kama watu walioshindwa na maisha, baadhi yao walikuwa na pingu za juzi tu. Hiyo haifanyi picha iwe mbaya au nzuri. Inanifanya tu niangalie mkono uliochora.

S. T. Gill hakuwa mfungwa, alikuja na wazazi wake Adelaide mwaka 1839, kijana wa Somerset, akaenda zake kwenye machimbo ya dhahabu ya koloni la Victoria, kule kwenye mji wa Melbourne, 1852 na huko ndiko alikopata jina. Hakuna aliyechora mitaa kama Gill. Wachimbaji wenye hela mpya wanawasha kiko kwa noti, wapiganaji ngumi, farasi wamekwama kwenye matope, wote wanatembea, hakuna aliyesimama kupigwa picha. Na ana ile printi yake ya rangi inayoitwa Native Dignity, ya miaka ya 1860. Mwanaume na mwanamke wa Kiaborijini wanatembea mtaani wameshikana mkono kibwana na bibi, mwanaume ana kofia ndefu na koti na fimbo ila miguu mitupu, mwanamke ana sketi ile ya kutanuliwa kwa fremu na mwavuli, na nyuma Wazungu waliovaa fasheni hiyo hiyo wamegeuka wanatoa macho.

Nilimwonyesha jirani yangu, dada wa Tanga, nikitegemea atakasirika. Akaivuta ile picha kwa vidole, akamwangalia yule mwanamke weee.

"Kaka, huyu anajua anatazamwa."

Kivipi?

"Angalia shingo hiyo. Huu mwendo wa harusini huu. Hao wa nyuma ndio wameumbuka, wamevaa sare na watu."

Nikamwambia lakini mchoraji alitaka tuwacheke hawa wawili. Akasema, "Basi kashindwa."

Nakubaliana naye nusu, tena nusu kubwa. Gill alikuwa na jicho la kejeli kwa kila mtu, na zile sketi za fremu zilikuwa kichekesho cha magazeti hata Ulaya, kwa hiyo mzaha wake unaenda pande zote mbili, ukimcheka yule mwanamke kwa kuvaa tundu la kuku lazima umcheke na bibi wa nyuma. Ila aliyetoa hela dukani hakununua mzaha wa pande mbili, tusidanganyane, yeye alitundika ukutani kumcheka mweusi aliyevaa koti. Na mwisho wa Gill mwenyewe sasa. Pombe ilimchukua polepole, wateja wakapungua, na Oktoba 1880 akaanguka kwenye ngazi za posta kuu ya Melbourne akafa pale pale mtaani, akazikwa kaburi la maskini. Kaburi lenye jiwe alikuja kuwekewa 1913. Mtu aliyechora walevi wa mtaani kwa miaka mingi vile.

Kuna printi ambazo hazina kona kabisa. Joseph Fowles alitoa picha za mitaa ya Sydney mwaka 1848, jengo kwa jengo, upande mmoja wa barabara halafu mwingine, benki, hoteli, maduka, mpaka mabango unayasoma, kwa nia ya wazi ya kuwaonyesha watu wa Uingereza kwamba Sydney sio jela tena ni mji wa heshima. Kwa anayependa majengo ni hazina. Kwa mimi ninayetafuta kona ni kimya kinachopiga kelele, maana Gooseberry alikuwa hai mwaka huo na anatembea mitaa hiyo hiyo. Heshima ya mji ilihitaji yeye asiwepo.

Nisiwasahau watu wa kisiwa cha Tasmania, wakati ule kikiitwa Van Diemen's Land. Wakati wa vita vya walowezi na wenyeji, mnamo 1829 na 1830, Gavana Arthur alikubali wazo la kutengeneza mbao za picha zitundikwe kwenye miti msituni ili wenyeji wasiojua Kiingereza waelewe sheria. Safu nne. Ya juu watoto weusi na weupe wamebebwa na wanawake, watu wameshikana mikono, wote wamevaa sawa. Ya pili gavana anapeana mkono na wenyeji. Ya tatu mwenyeji anamchoma Mzungu mkuki, ananyongwa. Ya nne Mzungu anampiga mwenyeji risasi, ananyongwa. Sheria moja kwa wote, safi kabisa, katuni ya wazi hata mtoto anaelewa. Tatizo ni kwamba ya nne haikutokea. Hakuna mlowezi hata mmoja aliyenyongwa pale kisiwani kwa kumuua mwenyeji. Zilitengenezwa mbao kama 100 hivi, zimebaki saba duniani, na mwaka 1866 ikachapwa lithografu ya kupeleka kwenye maonyesho ya Melbourne, tena wakaiandika jina la gavana mwingine, Davey, na mwaka 1816. Kwa hiyo ukiikuta ina jina la Davey usidhani umepata ya zamani zaidi, umepata ile ya maonyesho.

Tena hii biashara haikuishia Australia. Angas, yule aliyepelekwa North Head na Gooseberry, alitoa albamu kubwa ya lithografu za Australia Kusini miaka ya 1846 na 1847, na 1849 akatoa nyingine ya Wazulu na watu wa Cape, Afrika Kusini. Mchoraji Thomas Baines alichora kaskazini ya Australia 1855 mpaka 1857, mwaka uliofuata yuko Zambezi na Livingstone. Mkono ule ule, sanduku la rangi lile lile. Na kwetu, Mfaransa Charles Guillain alipita pwani ya Afrika Mashariki 1846 mpaka 1848 na mashine ya kupigia picha ya wakati huo, na zile picha zikageuzwa lithografu Paris, Unguja imo, Mogadishu imo, na nyuso za watu. Ukiingia hoteli yoyote Mji Mkongwe unaona nakala za namna hii ukutani juu ya kitanda cha samadari, mchukuzi, mwanamke wa Kiswahili, mtumwa, hakuna jina. Nilikuwa napita nazo bila kuziona. Sasa hivi nikiwa Unguja naangalia kona.

Waliochorwa nao walichora, hili ndilo watu wengi hawajui. William Barak, mzee wa kabila la Wurundjeri pale Coranderrk, makazi ya wenyeji nje ya Melbourne, alichora ngoma na mavazi ya ngozi ya posamu kwa rangi za ardhi, na kazi zake mbili zilipoingia mnadani New York 2022 watu wake walichangisha hela, serikali ya Victoria ikaongeza, zikarudi nyumbani. Na kuna Tommy McRae wa mto Murray, huyu ndiye dawa ya Fernyhough. Naye alichora vivuli vyeusi, kalamu na wino, lakini vyake vinakimbia, vinawinda, vinacheza, mguu umeinuka, mkuki uko njiani. Na alichora Wazungu pia, wenye mashamba na kofia zao. Alimchora William Buckley, yule mfungwa aliyetoroka 1803 akaishi na watu wa Wathaurong miaka 32, kamuweka ndani ya mstari wa wachezaji ngoma. McRae aliuza daftari zake kwa hela yake, akajitegemea, na bado bodi ya serikali ya "ulinzi" wa Waaborijini ikamchukulia watoto wake. Mwaka 1896 michoro yake ilitumika kwenye kitabu kimoja cha hadithi kilichochapwa London na kikamtaja kama msanii mwenyeji tu, bila jina.

Kama na wewe umeshikwa na unataka kununua, haya ya haraka haraka. Pitisha kidole, printi ya shaba ina ukingo uliobonyea kuzunguka picha. Geuza nyuma, ukikuta maandishi ya gazeti ujue imekatwa kwenye magazeti yenye picha ya miaka ya 1850 kwenda mbele, sio feki, ila rangi yake huenda imepakwa juzi. Chukua lenzi, ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa kama wavu hiyo ni nakala ya kisasa hata fremu iwe kuukuu vipi. Wauzaji wengi wanararua vitabu na kuuza ukurasa mmoja mmoja kwa sababu hela iko hapo, mimi hilo silipendi, nikiambiwa albamu imevunjwa juzi naondoka. Na kumbuka kwa jamii nyingi za Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, kaskazini ya Australia, picha na jina la marehemu sio jambo la kuonyesha ovyo, ndio maana maktaba zinaweka onyo kabla hujafungua, kwa hiyo kabla hujaposti uso wa mtu kwenye stetasi fikiria kwamba ana wajukuu. Wapo, wengine nasikia wanaishi vitongoji vya jirani na hapa nilipo.

Kwenye Trove andika Bungaree, halafu Boongaree, halafu Bongaree, maana kila karani aliandika alivyosikia, na kila tahajia inaleta picha ambazo nyingine haileti.